Nafasi Imejaa

Kazini hawakunipa kalamu.
Walinipa kofia ya manjano na kizibao king'aacho,
kisha meneja akauliza: simu yako ina kamera nzuri?
Usaili ukaishia hapo.

Simu nimeichukua kwa mkopo,
shilingi mia na kumi kila siku; ukikosa, inajifunga.
Bando nalipa mimi, chaji nalipa mimi.
Lakini ukiifungua, mimi simo.
Mna makontena, mlango baada ya mlango,
lakiri na nambari zake, kutu pembeni,
karatasi za forodha nilizozipiga picha pajani,
na kundi la kazi linalopiga kelele kama kunguru
tangu alfajiri, sijanawa uso.

"Uko?" huandika Bwana Mbarak.
Herufi tatu,
zina uzito wa tani ishirini na nane.
Niko. Chooni, niko. Matangani, niko.
Kwenye feri ya Likoni, kidole gumba kikijibu
na kiwiko kikilinda mkoba, niko.

Jana Shimanzi, jua la saa nane,
malori arubaini yamejipanga,
madereva wamelala chini ya matela,
nikainua simu niipige lakiri ya kwanza,
nayo ikaniambia: nafasi imejaa.
Futa kitu.

Nikafuta.
Nikaanza na arusi ya Mejumaa,
mikono yake yenye piko, bado mibichi, ameinyoosha isiguse nguo.
Nikafuta mwana wa dada akijifunza kutembea:
hatua nne, chubwi, anacheka.
Nikafuta bahari; bahari ipo, nitaiona tena.
Kila nikifuta napata kontena tatu, nne,
na kundini: "Bado thelathini na moja. Fanya haraka."

Ndipo simu, kwa adabu zake za mashine, ikanishauri:
Mazungumzo haya hayajaguswa kwa siku mia nne na sita.
Yafutwe?

Juu yake, jina: Mama.

Ndani mna picha za dawa zake, risiti za hospitali,
video ya paka akiiba samaki kibarazani,
na mwisho kabisa sauti, sekunde kumi na nne:
"We mwanangu, ukipita Marikiti nletea bizari.
Ya pilau, si ya mchuzi.
Na usikawie, mato yangu yako mlangoni."
Nyuma yake mwiko unagonga sufuria.

Sikuileta. Siku ile zilitia nanga meli mbili.

Nikamwita Kadzo, wa bohari ya chai:
nihifadhie hii, sekunde kumi na nne tu.
Akanionyesha yake. Magunia, magunia, magunia.
Na ufa umepita kati ya kioo
kama mto kwenye ramani ya darasa la nne.
"Haipokei hata salamu," akasema. "Itume kundini.
Kule hakipotei kitu, wala hakisamehewi."

Nikaituma.
Kati ya lakiri iliyokatika na lori lisilo na kibali
sauti ya mama ikapata pa kukaa.
Kisha nikabonyeza: yafutwe.
Nafasi ikapatikana, nafasi tele.
Nikapiga picha hadi jua likaingia ndani ya kontena la mwisho,
malori yakaondoka mojamoja kuelekea Changamwe,
vumbi likabaki kwenye kioo, na alama ya kidole changu.

Saa tano na robo usiku. Niko kitandani, simu kifuani,
inatetemeka kama kifaranga.
Watu kumi na saba wameshasikiliza.
Mmoja kaweka dole gumba, kwa mazoea.
Kadzo hakuandika neno, kaweka moyo.
Na Bwana Mbarak:
"Hii bizari ni ya kontena gani?"

Nikaandika, nikafuta, nikaandika.

Ya pilau, bwana. Si ya mchuzi.
Mzigo umechelewa.
Kosa ni langu.